Nilifunga ndoano, sasa nimekuwa lori

Leo asubuhi nimejigonga tena ugoko kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia tela, mara ya tatu wiki hii, ugoko uleule, na grisi juu kwenye suruali ya kazini. Bado nimeinama najisugua, simu inaita. Shemeji.

"Shem, gari ipo?"

Jamani. Gari ipo ndiyo, gari ya abiria, ina viti vitano na harufu ya maziwa yaliyomwagika siku nyingi. Ile ndoano niliifunga kwa ajili ya katela kadogo ka baiskeli, basi, sikujua kama natangaza biashara. Tangu siku hiyo hakuna anayenijulia hali, salamu zinaanzia kwenye mzigo moja kwa moja. Kuna mmoja alitaka nimvutie mtumbwi. Jirani naye alikuja na tangi la lita 1,000, "la plastiki tu hilo, jepesi", kumbe limejaa! Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu mwenyewe, hiyo ni tani nzima inakaribia uzito wa gari yangu, lakini ukisema hivyo unaambiwa una roho mbaya.

Ila shemeji ndo kiboko. Jumamosi iliyopita kaniambia "kabati tu". Nafika nakuta kabati la milango mitatu, kochi, viroba saba vya mchanga vilivyobaki kwenye ujenzi, na juu ya vyote godoro limesimamishwa wima kama tanga la jahazi. Viroba vyote kavipanga mwisho kabisa wa tela. Nikauliza mbona nyuma, akasema "visije vikailemea gari yako shem." Huruma hiyo! Nikatia mkono mfukoni nikamweleza kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba tela ni kama mzani, ukilemea nyuma linanyanyua matako ya gari, tairi za nyuma zinabaki zinagusa lami kwa adabu tu, mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, pale kwenye ndoano pabebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Akaitikia vizuri sana. Halafu akaleta kiroba cha nane, akakiweka nyuma.

Na mimi mjinga nikawasha gari.

Kwenye 40 tulikwenda kwa heshima. Kufika 60 nikaona kwenye kioo godoro linapita kulia. Halafu linapita kushoto. Mwanzo tela lilikuwa linakataa kwa kichwa, baadaye likaanza kukataa kwa kiuno, na sisi tuliomo ndani tunafuata. Shemeji anapiga kelele "kanyaga breki! kanyaga!" na breki ndo usiguse hapo, ukikanyaga kwa nguvu tela linakuja kulala ubavuni mwako kama mkasi unavyofunga, unaachia ekseleta taratibu, usukani unaushika umenyooka, unaomba Mungu. Nikaachia, nikaomba. Shemeji akaomba kunishinda, akatubu mpaka lile deni langu, kwa kiasi chake na mwezi aliokopa, nimesikia kwa masikio yangu. Tela lilipotulia deni likasahaulika palepale.

Kilima sitaki hata kukisimulia, klachi ilinuka mpaka tukafungua vioo. Kushuka ni balaa jingine, tela halina breki zake, sasa ule mzigo wote unataka kutangulia kufika na kigari changu ndo kinauzuia peke yake.

Tukafika. Sasa rivasi, getini, mbele za watu. Mnajua tela linavyorudi, ukikata kulia lenyewe linaenda kushoto. Watu sita walijitokeza kuniongoza, hakuna hata mmoja anayejua kuendesha. "Kata kulia!" Kulia kwa gari au kwa tela? "Kulia kwangu!" Na wewe umenigeukia uso! Nilizungushwa pale mpaka shati likaloa, mwisho tukalichomoa tela tukalisukuma kwa mikono, na mtoto mmoja akauliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. Sikumjibu. Watoto siku hizi hawana adabu.

Sasa leo shemeji anasema vimebaki vitu vidogo vidogo. Vidogo kiasi gani? Kimya. "Kuna friza." Nikamwambia gari iko gereji, huku nimeiegemea. "Basi kesho," anasema.

Nilikuwa nimekata mpira wa tenisi nikauvisha pale kwenye chuma ili angalau miguu ipumzike. Umetoweka. Kila mtu humu ndani anakana, lakini nausikia unadunda ukutani chumba cha pili.