Shirika Lilifungwa Binamu Akiwa Bado Njiani

Binamu yangu alishuka kutoka milima ya juu ya Uvira, mashariki mwa Kongo, mwaka 2005, akakabidhi bunduki, akapewa dola 110 na kadi ya kuonyesha kwamba sasa ni raia. Zikafuata dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla dola 410. Alikuwa ameingia msituni kabla hajaota ndevu.

Fedha hazikumrudisha uraiani. Aliyemrudisha, kwa kadiri alivyorudi, ni shirika dogo la mtaani lililopewa kazi ya kuwafundisha vijana uvuvi wa ndagala, yaani dagaa. Walimtafutia nafasi kwenye mtumbwi. Mzee mmoja wa shirika alikwenda naye kijijini mara tatu, akakaa na majirani, akasikiliza matusi yao mpaka yakaisha. Mara ya nne hakwenda, maana shirika lilikuwa limefungwa. Mradi umekwisha, wakaambiwa. Nyavu zilizoahidiwa hazikufika.

Wakati huo hata wakubwa walikuwa wanafunga. CONADER, tume ya serikali ya Kongo ya kuwapokea wapiganaji na kuwarudisha uraiani, iliyoundwa Desemba 2003, ilivunjwa mwaka 2007 na nafasi yake ikachukuliwa na kitengo kingine cha serikali, UEPNDDR. MDRP, mpango wa Benki ya Dunia na wafadhili wa kuwarudisha wapiganaji uraiani, uliohudumia nchi 7 za ukanda huu, ukafika mwisho Juni 2009. Siibezi kazi yao. Katika Kongo peke yake, zaidi ya wapiganaji wazima 100,000 waliweka silaha chini, na watoto wapatao 30,000 walitolewa kwenye vikundi. Kuna mama walioomboleza wana wao, kisha wakawaona wanaingia uani.

Kinachoniuma ni namna tunavyohesabu. Bunduki iliyokabidhiwa inahesabika siku hiyo hiyo. Jirani aliyechomewa nyumba, anayemwona aliyekuwa mpiganaji akipokea dola huku yeye hajapewa hata bati, huyo anahitaji miaka, tena anahitaji mtu wa kumwendea. Huo ndio upande uliokatwa kwanza fedha zilipopungua. Kijana aliyekataliwa na kijiji na asiye na kazi anajua njia moja tu ambako hatakataliwa, na huku mashariki vikundi vya kumpokea havijawahi kukosekana.

Mwaka 2021 serikali ilianzisha P-DDRCS, mpango mpya wa kuwarudisha wapiganaji uraiani, unaotaka jamii nzima isaidiwe, si mpiganaji peke yake. Hapo nakubaliana nao kabisa. Visima, barabara na mbegu za wote zinapunguza wivu. Lakini barabara haiwezi kukaa na mtu usiku anapoamka akipiga kelele, wala haiwezi kumwombea msamaha kwa mjane. Kazi hiyo inafanywa na watu kama yule mzee, na mshahara wake ni mdogo kuliko mafuta ya gari moja la mradi.

Binamu bado anavua. Mtaani wanamwita demobilize, yaani mpiganaji aliyeweka silaha chini, miaka 20 sasa, na watoto wake wanaitwa watoto wa demobilize. Kabla mpango wa sasa haujafungwa, nataka wenye mpango watutajie, kijiji kwa kijiji, nani atabaki na daftari la majina ya waliorudi, na nani atamlipa.