Tope la Ghuba ya Ungwana nalo lina wenyewe

Hoja ya wanaotaka juhudi za kuhifadhi bahari zielekezwe kwenye matumbawe ina uzito. Katika mianya ya mwamba hujificha kamba koche na kaa wa namna nyingi, na anayehesabu aina za viumbe hawa atakuta mwamba unaupita mchanga na tope kwa mbali. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, imethibitisha faida ya ulinzi huo.

Hata hivyo, idadi ya aina haitoshi kuwa kipimo. Katika Ghuba ya Ungwana, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, ambako mito ya Tana na Sabaki humwaga maji yenye udongo, sakafu ya bahari kwa sehemu kubwa ni tope na mchanga laini, na humo ndimo wanamovuliwa kamba weupe. Kamba hawa hutaga baharini. Makinda yao huingia kwenye vijito vya mikoko, hukua humo kwa miezi michache, kisha hurudi kwenye tope la nje. Jamaa yao, *Penaeus semisulcatus*, hupendelea kulelea makinda kwenye nyasi za bahari. Kwa hiyo anayelinda aina moja tu ya sakafu hulinda kipande tu cha maisha ya mnyama.

Wenye meli za kukokota nyavu husema kwamba tope limezoea kutikiswa na mawimbi ya kusi na mafuriko ya mito, hivyo hupona upesi kuliko matumbawe. Ni kweli, ila dhoruba hupita na nyavu hurudi, tena zikizoa samaki wachanga ambao wavuvi wa mitumbwi wangewavua wakiwa wakubwa. Kenya ilisimamisha uvuvi wa kukokota nyavu mwaka 2006, ikaufungua tena mwaka 2011 chini ya mpango wa usimamizi wenye msimu wa kufunga.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba masharti hayo yote yanaishia baharini, ilhali tope lenyewe hutoka bara. Tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, sehemu ya udongo wa Tana hunaswa huko juu, na mafuriko yanayosukuma kamba wachanga kutoka mikokoni hayafuati tena mvua peke yake. Nahodha hupangiwa miezi ya kutovua, lakini anayefungulia maji ya bwawa hapangiwi lolote kwa ajili ya kamba. Ratiba hizo mbili zinapaswa kupangwa kwenye meza moja, na wavuvi wa Kipini, kwenye mdomo wa Tana, wakiwapo.