Leseni ya Kwasasi na mipaka ya madaraka

Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira, chombo kinachoamua kesi za mazingira, lilifuta leseni ambayo NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ilikuwa imeipa kampuni ya Amu Power kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, huko Kwasasi, Lamu. Hadi leo, barazani Mkunguni mbele ya Ngome, kahawa ikimiminwa huenda hoja ikazuka upya: watu wachache wasiopigiwa kura wana haki gani ya kuusimamisha mradi wa serikali iliyochaguliwa?

Hoja hiyo ina uzito wake. Kifungu cha 1 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na ni serikali, wala si jaji, itakayoulizwa siku ya kura kuhusu umeme na ajira. Kijana aliyetarajia kibarua Kwasasi naye alipoteza kitu, ingawa mjini Amu ni nadra kusikia akitajwa.

Lakini tuangalie kilichoamuliwa. Jopo halikuharamisha makaa ya mawe. Lilichokataa hasa ni mikutano ya wananchi iliyofanyika kabla ya utafiti wa athari za mradi kukamilika. Mvuvi alitakiwa atoe maoni ilhali majivu yatakakotupwa, na maji ya moto yatakakomwagwa, hakuyajua; hapo hata kuunga mkono kunakuwa kubahatisha. Ushirikishwaji wa umma umo katika Kifungu cha 10, na sheria ya mazingira ya 1999 iliyounda jopo lenyewe ilipitishwa na Bunge. Kwa hiyo sioni kwamba jopo lilitawala mahali pa serikali. Liliishika serikali kwa kanuni ambazo mhimili mwingine ulikwisha kuziweka.

Panaponitatiza ni kesi ya ujenzi wa Bandari ya Lamu. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi. Kuidhinisha matumizi ya fedha za umma ni kazi ya Bunge, na jaji anapotaja kiasi chenyewe anausogelea mpaka mno. Hata hivyo Kifungu cha 23 kinairuhusu mahakama waziwazi kuamuru fidia haki inapovunjwa, na bila ruhusa hiyo hukumu ingebaki pole tu kwa mtu ambaye dema lake halirudi tena na samaki.

Wanaohofia kwamba majaji watageuka watawala wasisahau kuwa jaji akishatia saini, mfuko wenyewe umeshikwa na mwengine. Bandari ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza Mei 2021, miaka mitatu baada ya hukumu hiyo, na siku hiyo wavuvi walikuwa bado wanaulizia fidia.