Wastani wa urefu haupimi ukuaji wa dagaa
Ndugu mwandishi, unasema dagaa wa Tanganyika wamedumaa kwa kuwa wastani wa urefu wao mwaloni Kibirizi, Kigoma, haukupanda baada ya ziwa kufunguliwa tena kwa uvuvi Agosti 2024. Si lazima! Kila mwezi wadogo wapya huingia na wakubwa huvuliwa, hivyo wastani unaweza kusimama palepale huku kila samaki akikua vizuri tu. Watafiti hufuata kundi moja la rika, yaani samaki waliozaliwa wakati mmoja, waone urefu wake unavyosogea mwezi hadi mwezi. Kamba wa baharini ni wagumu zaidi kupimwa umri: hujivua gamba, hivyo umri ni vigumu kuusoma mwilini. Dagaa angalau wana vijiwe vya sikio, vyenye miduara inayoonyesha umri. Na tundu la wavu je? Wanaopenya hawakupimwa.