Nilimjengea mama nyumba, nikamwondolea majirani

Mwaka wa sita huu niko Japani, mkoa wa Chiba. Nafanya kazi kwenye kituo cha wazee cha kutwa: asubuhi tunawafuata kwa gari, jioni tunawarudisha makwao. Nikirudi Dar likizo swali huwa ni lilelile. "Eti kweli huko mtu anafia ndani, wiki inapita na hakuna anayejua?" Najibu kweli. Polisi wa Japani walihesabu kwa mwaka mzima wa 2024: watu 76,020 walikutwa wamefariki majumbani walimokuwa wakiishi peke yao, zaidi ya robo tatu wakiwa na miaka 65 kwenda juu. Maelfu kati yao walikaa zaidi ya mwezi kabla ya kugundulika.

Basi hapo watu hutikisa kichwa, mmoja anasema "tumshukuru Mungu sisi tunao wenzetu", na mazungumzo yanahamia kwingine. Zamani nami nilikuwa nasema hivyohivyo. Siku hizi sisemi, na nataka kueleza kwa nini.

Idadi ile ya Wajapani inatisha kwa sababu wameihesabu. Kwetu mzee akifariki, turubai linafungwa, watu wanajaa, sanda inapatikana, shughuli inakwenda vizuri kabisa. Hakuna anayeuliza mara ya mwisho marehemu kukaa na mtu akazungumza moyoni mwake ilikuwa lini. Tunajua sana kukusanyika kwenye msiba, na wingi ule wa viti tunauchukua kama ushahidi wa jinsi marehemu alivyoishi.

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu mahusiano ya watu. Inasema karibu mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke. Kilichonishtua ni mgawanyo wake. Katika nchi zenye kipato cha chini ni kama asilimia 24, kwenye nchi tajiri kama asilimia 11. Nilirudia kusoma nikidhani nimegeuza. Miaka yote hii tumeuita upweke ugonjwa wa Wazungu na Wajapani.

Nikirudi nyuma, yalianzia kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini huku Chiba, mzee wa miaka themanini na kitu ambaye bado anajipikia na kufua mwenyewe. Jumapili moja alinikaribisha chai. Mezani kulikuwa na bahasha iliyokuja kwa posta, ndani yake dodoso la kurasa nyingi kuhusu maisha ya wazee, na miwani ameiweka juu yake. Akawa anasoma kwa sauti huku anatia alama. Je, yuko mtu wa kusikiliza shida zako? Je, wewe unasikiliza shida za nani? Ukiugua ukalala siku kadhaa, nani atakuuguza? Nawe utamuuguza nani? Alipofika swali la pili aliiweka kalamu chini, akatazama nje, akaishika tena. Sikuona aliweka alama wapi.

Maswali ya namna hiyo yamepelekwa kwa wazee wa Japani kwa makumi ya maelfu. Profesa Katsunori Kondo wa Chuo Kikuu cha Chiba na wenzake wana utafiti mkubwa unaofuatilia wazee katika miji mingi, unaouliza habari za magonjwa na pia habari za marafiki, vikundi, na nani anakwenda kwa nani. Katika mji mdogo wa Taketoyo, mkoa wa Aichi, kuanzia 2007 zilifunguliwa sehemu za kukutania wazee. Si hospitali wala kituo cha matibabu. Ni ukumbi wa mtaa, watu wa kujitolea, mazoezi mepesi, nyimbo, kazi za mikono, chai. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka mitano, wakakuta waliokuwa wanahudhuria walipungukiwa na uwezekano wa kufikia hali ya kuhitaji kuhudumiwa kwa karibu nusu.

Mtu makini atasema wanaokwenda ni wale wenye nguvu tayari. Nami nilisema hivyo. Watafiti nao walilifikiria, wakaingiza kwenye hesabu zao umbali wa nyumba ya kila mzee hadi ukumbi ulio karibu naye. Umbali haujali nani mzima nani mgonjwa. Matokeo yakabaki palepale.

Ila utafiti ulionikosesha usingizi ni wa Iwanuma. Huu ni mji wa pwani, mkoa wa Miyagi. Agosti 2010 wazee wake walijaza dodoso la kina Kondo kama miji mingine. Miezi saba baadaye, Machi 11, 2011, tsunami ikapiga. Karibu nusu ya ardhi ya mji ilifunikwa na maji, watu kama 180 wakapoteza maisha. Kwa hiyo watafiti walijikuta na kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukipanga: majibu ya watu walewale kabla ya balaa, nani alikuwa rafiki wa nani, nani alikuwa anakwenda wapi.

Wakarudi 2013. Waliobomolewa nyumba walikuwa wamehamishwa kwa njia mbili. Wengine walihama kwa mafungu, mtaa pamoja. Wengine walihama mmojammoja, kila mtu na pale bahati nasibu ilipomwangushia. Waliohama pamoja, kukutana kwao na marafiki na kushiriki kwenye vikundi kuliongezeka kuliko hata kabla ya tsunami. Waliotawanywa walipungukiwa. Maafa ni yaleyale, mji ni uleule.

Japani ilikuwa imeshaonjeshwa somo hilo mjini Kobe, baada ya tetemeko la Januari 1995. Nyumba za muda ziligawiwa kwa bahati nasibu, na kwa huruma kabisa wazee na wenye ulemavu wakapewa nafasi ya kwanza. Waliowahi kupata nyumba ndio waliowahi kutenganishwa na majirani zao, na vifo vya upweke vikafuata humo ndani. Serikali haikuwa na nia mbaya. Ilitazama paa, ikasahau jirani.

Nilipofika hapo nikakumbuka Mabwepande. Desemba ya mwaka uleule wa 2011 Dar ilipigwa na mafuriko, familia za bonde la Msimbazi zikapewa viwanja kule mbali, upande wa Bunju. Baadhi wakarudi bondeni, na mjini tukawaita wabishi. Mimi mwenyewe niliwaita wabishi, nikiwa nimekaa kwenye kochi nikitazama taarifa ya habari. Sikufikiria kwamba muuza chapati wa Jangwani alikuwa na watu wanaojua mtoto wake anaumwa kabla hajatamka.

Na mama yangu je?

Mama aliishi Temeke zaidi ya miaka thelathini, nyumba ya vyumba sita na uwani mmoja. Choo cha pamoja, bomba la pamoja, kelele za pamoja. Nilipopata kazi huku ndoto yangu ilikuwa moja, kumtoa pale. Nilituma hela, na mwaka 2022 akahamia Goba. Vyumba vitatu, tangi la maji, vigae, fensi ya tofali imezunguka, geti jeusi. Ndugu walinipongeza mpaka nikalia. Mtoto aliyeko nje amejenga, heshima kubwa hiyo.

Mwaka jana nikampigia video, nikamwambia, "Shikamoo mama, leo nakuuliza maswali manne, nijibu ukweli." Akacheka. Nyuma yake televisheni inaongea peke yake.

"Yuko mtu wa kusikiliza shida zako?"

"Marahaba. Unataka wa zamani au wa sasa?"

"Wa sasa, mama."

Akanyamaza kidogo. "Wewe si unanipigia?"

"Na wewe unasikiliza shida za nani?"

Hapa hakucheka tena. "Mwanangu, nani atakuja kunieleza shida yake, na geti hili?"

Nilishindwa kuendelea na la tatu. Tulipokuwa Temeke, mama ndiye aliyekuwa anaamua ugomvi wa wapangaji. Wanawake walikuwa wanakuja jioni, wanakalia ndoo zilizogeuzwa, wanamweleza ya waume zao, naye anachambua mchicha huku anasikiliza. Nilidhani ile ilikuwa mizigo ya watu anabebeshwa bure, na kwamba namtua. Kumbe nilimwachisha kazi.

Afrika tunaijua kazi hiyo, na wapo walioipima. Mjini Harare daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati za jiji hilo, na baada ya miezi sita waliosikilizwa na wale kina bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi na benchi, ndiyo tiba yenyewe. Nikisoma habari zile namwona mama na mchicha wake.

Simwambii mtu asimjengee mzazi. Sisemi pia Japani ni pazuri kwa wazee kuliko kwetu. Nawaona kila siku wanaosubiri gari letu tangu alfajiri kwa sababu ndiyo sauti pekee watakayoisikia. Nasema wao wameacha kujidanganya. Mwaka 2021 waliteua waziri wa kushughulikia upweke, na Aprili 2024 sheria yake ikaanza kazi. Sisi bado tunasema "wazee wetu wana watu" halafu tunazungusha fensi. Sisi tulioko nje ndio tunaoongoza kwa hili, maana tunajenga kwa simu, na kwenye picha ya fundi majirani hawaonekani.

Nilimuuliza mama kama anataka kurudi Temeke. Amekataa, magoti hayawezi tena kile choo. Anachotaka ni Alhamisi, siku ya kikoba chao cha Temeke, na nauli ya daladala mbili kwa magoti yale ilikuwa haifai kitu. Tukatafuta kijana wa bajaji pale Goba, nikaongeza fedha yake kwenye ile ya kila mwezi. Anampeleka saa mbili asubuhi, anamfuata jioni.

Alhamisi nikipiga simu hapokei mpaka usiku. Wiki iliyopita alipopokea sauti ilikuwa imemkauka kwa kuongea, akaniambia nisubiri kwanza, kuna mtu ameachika na anatakiwa kumpigia.