Waking Ned: Wahakiki Walikuwa Sahihi Kiasi Gani?

Waking Ned, filamu ya vichekesho ya mwaka 1998, inaanza na fumbo: katika kijiji cha Ayalandi chenye watu 52, nani ameshinda bahati nasibu? Jackie na Michael, wazee marafiki, wanawachunguza majirani mmoja mmoja mpaka wanamkuta Ned Devine amekufa mbele ya televisheni, tiketi mkononi, furaha imemuua. Zawadi inakaribia pauni milioni 7. Kijiji kinakubaliana kumdanganya mkaguzi kutoka Dublin kwamba Ned yu hai, kisha wagawane.

Marekani waliipokea kwa mikono miwili. Iliingiza huko zaidi ya dola milioni 24, na wahakiki wengi, akiwemo Roger Ebert, waliipenda. Waliokereka walisema hiyo ni Ayalandi ya kadi za posta: vilima vya kijani, baa, padri na wazee wajanja. Mwandishi na mwongozaji, Kirk Jones, ni Mwingereza. Ian Bannen, aliyeigiza Jackie, alikuwa Mskoti. Picha zenyewe zilipigwa Kisiwa cha Man. Mwaka huohuo Neil Jordan, mwana wa Ayalandi, alipata tuzo ya Dubu wa Fedha katika tamasha la filamu la Berlin kwa The Butcher Boy, filamu inayoutazama mji mdogo wa nchi hiyo bila kuuremba hata kidogo.

Kuhusu kadi za posta, nakubali. Hoja ya pasipoti, kwamba waliotengeneza filamu si Waayalandi, siitilii maanani sana, kwa sababu David Kelly, mzaliwa wa Dublin, anampa Michael utu ambao hauwezi kuitwa mzaha wa wageni. Watu humkumbuka akiendesha pikipiki uchi. Mimi namkumbuka kanisani. Ned anaagwa, mkaguzi anaingia ghafla, na Jackie, aliyekuwa tayari ameanza hotuba, analazimika kumgeuza Michael kuwa marehemu. Basi anamsifu rafiki yake aliyeketi pale pale mbele yake, akimwambia maneno ambayo huwa tunayaweka mpaka mtu asiweze kuyasikia. Uongo wa kuiba fedha unazaa ukweli mtupu. Tukio hilo peke yake linatosha kuwajibu wanaosema filamu hii haina kina.

Kasoro iliyo nzito kuliko baa na vilima vya kijani ni Lizzy Quinn, mwanakijiji mmoja. Ni mchoyo, anataka fungu kubwa kuliko wenzake, na anatishia kuwachoma kwa wakubwa wa bahati nasibu. Lakini ndiye pekee anayeleta swali gumu: asiyekubaliana na kijiji afanywe nini? Filamu inajibu kwa gari kugonga kibanda cha simu alimo, kikaporomoka gengeni pamoja naye, nasi tunatakiwa kucheka. Jones hakukosa uwezo wa kulishughulikia swali hilo. Maggie, mwanakijiji mwingine, anajua mwanawe ni wa Ned, hivyo zawadi yote ingeweza kuwa yake, lakini ananyamaza ili mtoto apate baba wa kumlea. Aliyeweza kuandika hilo angeweza kumpa Lizzy hata dakika tano za kujieleza, na kwa kumnyima ndipo ninapoipunguzia alama.