Msimwambie mzazi hana maziwa

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Siku ya pili tu, na tayari mama mmoja jirani alikuwa ameshamminya titi, akaona tone la njano, akatangaza: "Huyu maziwa hana. Mkorogeeni mtoto uji mwepesi." Mdogo wangu alikuwa analia. Hasira hazijanitoka mpaka leo.

Lile tone la njano ni dang'a, maziwa ya kwanza, jamani! Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, lakini tone lenyewe limejaa kinga. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4, kondo la nyuma likishatoka na projesteroni, homoni ya mimba, ikishuka.

Titi ni tezi, si mtungi wa kuchungulia kama una kitu. Ndani mna vifuko vidogo mno vilivyozungushiwa seli, nazo ndizo zinazotengeneza maziwa kutokana na vitu vinavyoletwa na damu. Protini hufungashwa ndani ya seli, husogezwa hadi ukingoni, humwagwa. Mafuta yana njia yake: kila tone hutoka limevikwa kipande cha utando wa seli yenyewe. Hapo huwa naguswa sana. Seli inajivua ngozi yake ili mtoto ashibe.

Na anayeagiza ni mtoto. Akinyonya, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya prolaktini, maziwa yanatengenezwa; hutoa pia homoni ya oksitosini, vifuko vinabanwa, maziwa yanashuka. Ndiyo maana ananyonya hili, la pili linadondoka. Titi likiachwa limejaa, seli hupunguza kazi. Basi mpe uji: atanyonya kidogo, maziwa yatapungua kweli, na jirani ataonekana alisema kweli. Tena hofu huzuia oksitosini. Maneno yale peke yake yanaweza kuyakwamisha maziwa yaliyokwisha tengenezwa.

Wapo wenye shida ya kweli, nakubali: aliyevuja damu nyingi, aliyebakiwa na kipande cha kondo. Hao wapelekwe kituo cha afya, na mtoto apimwe uzito. Mtori nao sawa, mzazi lazima ale.

Siku ile tuliwaomba wageni watupishe, tukamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawa ananyonya kila akitaka, usiku na mchana. Siku ya nne alfajiri mdogo wangu akanipigia simu: kanga imelowa mpaka kiunoni.